Mwalimu Akalalia Tumbo



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lweba, katika nchi ya Fizi, ambako Ziwa Tanganyika liko upande wa macheo ya jua na milima iko nyuma ya nyumba zetu. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kwa hiyo, kama wenzangu wengi, nina shamba la ngazi. Nakamua mawese, na siku ya soko napakia bidoni zangu katika lori liendalo Uvira. Nimeona vema niwaandikie habari za ugonjwa ulionishika mwaka 2018, kwa sababu ugonjwa ule ulikaribia kunitenga na mdogo wangu, mtoto wa mama yangu.

Ulianza asubuhi moja ya mwezi wa tatu. Niliinama kufunga kamba za viatu, nikasikia kitu kama ncha ya kisu katika tako la kushoto. Nikasimama, kisu kikabaki. Ilipofika jioni maumivu yalikuwa yameshuka nyuma ya paja, yakapita nyuma ya goti, yakateremka katika shavu la mguu hata ukingo wa nje wa unyayo, yakaishia kidole kidogo. Hayakuwa kama maumivu ya jipu wala ya jeraha. Yalikuwa moto unaotembea. Na kile kidole chenyewe kilikuwa na ganzi, kama si changu.

Kukohoa kuliniumiza. Kupiga chafya kulikuwa adhabu. Kukaa kitini sikuweza hata robo saa, nikawa nasahihisha madaftari nimesimama, nimeyaweka juu ya kizingiti cha dirisha. Watoto nao walianza kuiga mwendo wangu wakati wa mapumziko. Niliwaona, nikajifanya sikuwaona. Juma la pili niliacha kwenda shuleni. Nikalala. Mke wangu akawa ananiletea bugali na sombe kitandani, kama mwanamke aliyejifungua jana.

Dawa je? Nilizipata zote. Mke wangu alinisugua kwa mafuta ya moto. Mzee mmoja aliniumika kwa pembe mgongoni, akanichanja chale, damu nyeusi ikatoka, naye akaonyesha watu kwamba ndiyo ugonjwa. Nilichukuliwa kwa pikipiki mpaka mahali fulani panapouzwa dawa, wakanichoma sindano matakoni, kila jioni moja, jioni saba. Sikuuliza ni dawa gani, nao hawakusema. Habari ya sindano nitairudia mbele.

Ndipo watu wakaanza kunong'ona neno ambalo kwetu Kivu halikawii kutoka kinywani: sumu. Na usiku mmoja mfumu aliletwa nyumbani. Sikumwita mimi, lakini sikumfukuza. Aliniuliza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Akafumba macho kitambo, kisha akasema: "Kitu hiki umekila. Umekila kwa mtu mnayenawa naye mikono katika bakuli moja."

Sasa sikilizeni moyo wa mgonjwa jinsi ulivyo. Mdogo wangu na mimi tulikuwa na maneno juu ya miti michache ya ngazi iliyo mpakani, tuliyoachiwa na baba. Si maneno makubwa. Lakini usiku ule, nikiwa nimelala ubavu bila usingizi, nilikumbuka kwamba siku mbili kabla ya kuumwa nilikula mikeke nyumbani kwake. Nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikula kidogo. Nikakumbuka kwamba alinisukumia kichwa cha samaki. Ifikapo alfajiri nilikuwa nimekwisha kumhukumu ndugu yangu kwa kichwa cha samaki! Mfumu alitaka mbuzi mmoja na bidoni mbili za mafuta ili alitaje jina mbele ya wazee. Tukapatana Dominika, baada ya Misa, ukoo ukutane kwangu. Mnajua baraza la namna hiyo huishaje. Mtu huhama kijiji, na mara nyingine nyumba yake huchomwa.

Jumatano ya juma lile jirani yangu mzee akafariki. Binti yake akafika kutoka Bukavu kwa kilio. Binti huyu nilimfundisha mimi, darasa la tatu. Alikuwa na mwandiko mbaya na akili nzuri. Baadaye alisomea kazi ya kinesiterapia, ambayo wengine huiita fiziotherapia: kazi ya kutibu mwili kwa mikono, kwa kuunyosha na kwa mazoezi. Sisi hapa kijijini tulisema tu kwamba anasomea kukanda watu, na tukamwonea baba yake huruma kwa pesa alizotoa.

Nilikwenda kilioni kwa fimbo. Kukaa na wazee sikuweza, nikajilaza juu ya mkeka nyuma ya nyumba, karibu na moto wa wapishi. Binti akanikuta pale. Nikampa pole ya baba yake, akaipokea. Kisha akaniangalia.

"Mwalimu, unaumwa mguu?"

"Ndiyo, mama. Mguu huu—"

"Basi, usinionyeshe. Nyamaza kwanza."

Akaokota kaa lililozimika, akakunja suruali yangu mpaka juu ya goti. Akachora mstari. Alianza kwa kunigusa takoni juu ya nguo, akashuka nyuma ya paja, na kutoka gotini kaa lilikwenda juu ya ngozi: shavu la mguu, nyuma ya kifundo, ukingo wa nje, kidole kidogo. Hakupotea hata upana wa kidole. Kisha akauliza: "Ni njia hii?"

Nilishangaa, hata nikaogopa. Mfumu ilimbidi kuniuliza. Huyu mtoto alinichorea ugonjwa wangu kabla sijasema neno.

"Umejuaje?"

"Nimejua kwa sababu njia hii iko ndani ya kila mtu," akasema. "Iko ndani yangu, iko ndani ya askofu, iko ndani ya yule mpishi. Ni mshipa wa fahamu. Unatoka uti wa mgongo chini, unapita takoni, unateremka mpaka unyayoni. Hakuna mwingine mnene kama huo mwilini. Ni kama kidole. Ukibanwa kule juu, mtu husikia moto huku chini. Sisi twauita siatika."

Akaniambia nilale chali, akashika kisigino cha mguu mbaya, akauinua mguu ukiwa umenyoka. Haukufika hata nusu ya njia nikapiga kelele, wazee wakageuka. Kipimo hicho kina jina la Lasègue, mganga Mfaransa; mwanafunzi wake Forst ndiye aliyekiandika mwaka 1881, na hata leo hakihitaji mashine. Akanisimamisha nijiinue juu ya vidole vya mguu mmoja. Wa kulia, mara kumi bila shida. Wa kushoto, mara nne, ukakataa. Akagonga mshipa mnene ulio juu ya kisigino kwa ukingo wa mkono: mguu wa kulia uliruka, wa kushoto ulinyamaza kama mti. Akanipitishia unyoya wa kuku juu ya vidole nikiwa nimefumba macho. Kwenye kidole kidogo cha kushoto sikusikia kitu.

Kisha akauliza maswali ambayo mwanafunzi hamwulizi mwalimu wake. Mkojo unatoka vizuri? Choo unakizuia? Kati ya miguu, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli, pana ganzi? Una homa? Umekonda? Unakohoa siku nyingi? Nilijibu nikitazama pembeni. Yote yalikuwa mema. Na mwisho akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza muda wote ule, wala mke wangu, wala mfumu, wala wale wa sindano:

"Mwalimu, siku zile kabla ya kuumwa ulifanya kazi gani?"

Nikafikiri. Siku ile ya mikeke ilikuwa siku ya soko. Niliamka usiku, nikapakia bidoni kumi na tano katika lori. Bidoni ya lita ishirini ikijaa mawese ina uzito wa kilo kumi na nane au zaidi. Nilikuwa peke yangu chini. Niliinama, nikainua, nikajipinda kiuno nikampa kijana aliyekuwa juu. Mara kumi na tano. Kwenye bidoni ya mwisho kitu kililia kiunoni, nikacheka, nikasema ni uzee. Ndipo jioni nikaenda kula kwa mdogo wangu. Samaki nilimkumbuka. Bidoni nilizisahau.

Sikumwambia binti habari za mdogo wangu. Lakini pale mkekani jasho lilinitoka, na si kwa maumivu.

Akanieleza jinsi mambo yalivyo, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Uti wa mgongo ni pingili juu ya pingili. Kati ya pingili na pingili pana kisahani laini cha gegedu, chenye kiini cha ute mzito ndani. Mtu akiinama na kubeba, kisahani hubanwa mbele, kiini husukumwa nyuma. Shika ndizi mbivu, ibonye upande mmoja: itatoka upande wa pili. Basi, siku moja kisahani hupasuka kidogo kwa nyuma, kiini hutokeza na kuugusa mzizi wa ule mshipa. Ajabu ni kwamba jambo hili halijajulikana siku nyingi. Watu wameumwa siatika tangu zamani za kale, lakini ni mwaka 1934 tu waganga wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoandika wazi kwamba mara nyingi kisa ni kisahani kilichopasuka. Tena kile kipande kilichotoka, mara nyingi mwili wenyewe hukila polepole, kikapungua. Ndiyo maana wengi hupona bila kisu.

"Sasa lalia tumbo," akasema.

Nikageuka kwa shida. Mwalimu mzima, amelala kifudifudi kilioni, mbele ya wapishi! Akaniacha hivyo dakika tano. Kisha akaniambia nijiegemeze juu ya viwiko, kifua juu, nyonga chini. Dakika nyingine. Kisha nisukume kwa mikono mpaka mikono inyoke, lakini tumbo na nyonga zibaki zimelegea juu ya mkeka, kama mjusi aotaye jua. Nirudi chini. Tena. Tena.

"Hesabu, Mwalimu."

Nikahesabu. Mimi niliyemfundisha yeye kuhesabu.

Nilipokuwa napumzika alinisimulia namna njia hii ilivyogunduliwa. Mwaka 1956, huko Wellington katika New Zealand, alikuwako mtaalamu wa kazi hiyo aitwaye Robin McKenzie. Alikuwa na mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno yaliyoshuka mpaka gotini, akamtibu majuma matatu bila faida. Siku moja akamwambia aingie chumbani, alalie tumbo, amngoje. Lakini kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande mmoja kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia. Yule bwana akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma, namna ambayo waganga wa siku zile waliiogopa. McKenzie aliporudi alishtuka. Akamwuliza: "Unaonaje?" Akajibiwa kwamba mguu umepona, imebaki kiuno tu. McKenzie, badala ya kusahau, akayafikiri mambo hayo miaka mingi, akayajaribu kwa wengine, akayaandika katika vitabu. Alifariki mwaka 2013.

Katika kumi la tatu nikasikia kitu kigeni. Kidole kimetulia. Shavu la mguu limetulia. Lakini kiuno kilikuwa kinauma kuliko mwanzo, nikalalamika: "Mama, umeniongezea! Mgongo sasa ndio unaoniuma."

Akafurahi, mara ya kwanza tangu afike kuzika. "Ndivyo ninavyotaka. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi mgongoni, ni njia njema, hata kama mgongo unauma. Yakishuka kwenda kidoleni, acha zoezi hilo mara moja. Usisahau hata kama utasahau mengine yote."

Alikaa kwetu mpaka Jumamosi, akanipa sheria. Mara kumi kila saa mbili, mchana kutwa. Kutembea kila siku, kidogo kidogo, kutoka nyumbani mpaka ufukweni, kesho mbele zaidi. Kutokaa nimejikunja. Na kitanda nikikimbie! Nilibisha hapo, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameniambia nilale. Akanijibu kwamba huko Uholanzi waganga waligawa wagonjwa 183 wa siatika katika mafungu mawili. Fungu moja walilazwa kitandani majuma mawili, la pili waliendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Baada ya majuma 12, katika kila fungu watu 87 kwa mia walikuwa wameona nafuu. Sawasawa. Waliolala hawakupata faida yoyote kwa kulala kwao.

Nami niwe mkweli: hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba muda wenyewe ni mganga. Siwezi kuapa kwamba mkeka ndio ulioniponya. Ninachojua ni kwamba kitandani nilikuwa nazidi kukauka na kuchukia, na juu ya mkeka nilikuwa na kazi ya kufanya.

Jumamosi jioni nilimpelekea mfumu neno kwamba baraza halipo. Alikasirika, akasema nitajuta. Wazee niliwaambia nimepata mganga mwingine. Lakini kijiji hakifichi kitu. Dominika baada ya Misa mdogo wangu akaja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Kaka, nimesikia kulikuwa na baraza leo, na mimi ndiye niliyekuwa baraza."

Nilikuwa chini, kifudifudi, katikati ya zoezi. Sikuwa na mahali pa kujificha. Nikamwambia yote: mfumu, samaki, kichwa cha samaki. Nikamwonyesha mstari wa kaa, ambao mke wangu alikuwa hajaumaliza kuusugua. Nikamwambia habari ya bidoni kumi na tano.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Nilikula kidogo kwa sababu samaki walikuwa wachache." Akaenda zake. Hakurudi kwangu majuma matatu.

Majuma yale matatu nilifanya mazoezi kwa bidii kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha. Juma la sita tangu nianze kuumwa nilirudi darasani, nikakaa kitini nusu saa. Mwezi wa nne kwa kuhesabu niliweza tena kujiinua juu ya vidole vya mguu wa kushoto mara kumi. Ganzi ya kidole haijaisha kabisa. Wakati wa mvua huniamkia.

Kabla sijamaliza nirudie sindano, kama nilivyoahidi. Binti alipoona alama zangu alikunja uso. Ule mshipa mnene unapita takoni, na mchomaji asiyejua mahali aweza kuuchoma au kumwaga dawa juu yake. Mtoto mdogo aliyechomwa kwinini vibaya huweza kubaki na unyayo unaoburuta maisha yake yote, na watu husema ni polio au ni uchawi. Sindano ya takoni, ikiwa haina budi, iingie katika robo ya juu ya upande wa nje, si katikati wala chini. Na zaidi ya hayo, mzazi aulize: dawa hii haina vidonge?

Tena, wasomaji, msiige mazoezi yangu bila kupimwa. Wako wazee ambao njia ya mishipa ndani ya uti wao imekuwa nyembamba. Hao huona nafuu wakiinama mbele, na kupinda nyuma huwaumiza. Na yako maumivu ya mgongo yasiyo ya mkeka kabisa. Mtu mwenye homa, anayekonda, anayetoka jasho usiku, huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huyo ahitaji dawa za kifua kikuu, si mazoezi. Aliyeanguka kutoka juu ya ngazi akaumia mgongo, asigeuzwegeuzwe ovyo. Na mtu akiona mkojo umefunga au unatoka wenyewe, au ganzi kati ya miguu, au miguu yote miwili inalegea, au unyayo hauinuki, huyo asingoje kuche. Atafutiwe pikipiki usiku ule ule mpaka hospitali kubwa, kwa maana mshipa uliobanwa hivyo hauna siku nyingi.

Binti alirudi Bukavu. Hakupokea fedha. Mke wangu alimfungia mawese chupa mbili, na mimi nikamwandikia barua ya shukrani kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Alinijibu kwa ule mwandiko wake wa darasa la tatu.

Siku hizi nainua mzigo kwa kukunja magoti, nikiuleta karibu na tumbo, na nageuka kwa miguu, si kwa kiuno. Bidoni nazipakia tano tano, napumzika. Siku moja ya soko, mwezi wa saba wa mwaka ule, nilifika kwenye lori kabla ya mapambazuko nikakuta mtu amekwisha kusimama chini, mikono kiunoni, akiningoja. Alikuwa mdogo wangu. Hakusema jambo. Akashika bidoni ya kwanza, nami nikashika ya pili.

Miti ya mpakani tunaichuma kwa zamu. Na mwaka uliofuata alinialika tena kula mikeke. Alinisukumia kichwa. Nikakila chote, hata macho.